Bapa la Kulia

Kwetu Tanga barafu ni ya ubuyu. Unainunua ikiwa ndani ya kijifuko cha nailoni, unatoboa pembe kwa meno, unanyonya mpaka ulimi unakufa ganzi. Basi, imekwisha. Hakuna mtu mwenye akili zake aliyewahi kuitazama barafu ile akasema, ngoja nifunge visu chini ya viatu, nishike fimbo, nipande juu yake nikimbizane na wenzangu. Na huo ndio mchezo, wenyewe wanauita hoki, aliouchagua binti yangu, niliyemzaa hapa hapa Johannesburg kwa uchungu ambao mpaka leo nikiukumbuka natafuta pa kukaa.

Alianza kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake wa shule, katika jumba moja la maduka lenye uwanja wa barafu ndani. Alikwenda kula keki, akarudi na goti limechubuka na macho yanawaka. Wiki iliyofuata akaenda tena. Baada ya hapo sikuombwa ruhusa, nilipewa taarifa. Baba yake, ambaye maisha yake yako barabarani na mizigo ya kwenda mpakani, alisema kwa simu muache mtoto acheze, mchezo wenyewe una helmeti. Mwanamume akiwa mbali huwa mkarimu sana wa ruhusa.

Mimi sikuwa nimewahi kwenda kumtazama. Jumamosi ndiyo siku ya kazi kwangu. Nina cherehani Rosettenville, katika chumba kimoja nilichogawana na jirani yangu kwa pazia. Upande wangu nashona, upande wake anasuka. Jirani ni Mkongo wa Bukavu, mama wa makamo, msusi hodari, na mlokole wa kanisa lililo ghorofa ya tatu ya jengo bovu kule mjini. Anasuka huku anahubiri, nami nashona huku namjibu, na wateja wetu wamezoea. Kwa hiyo binti alikuwa akipelekwa uwanjani na mama wa mwenzake mwenye gari, na mimi nikisimuliwa.

Sasa habari ya mkono, maana bila hiyo hamtanielewa. Binti yangu ana mashoto. Kwetu mkono wa kulia ndio unaokula, ndio unaotoa na kupokea, ndio unaosalimia watu. Wa kushoto una kazi yake moja, inafanyika msalani, na mezani hatuizungumzi. Mtoto huyu tangu anatambaa, ukimpa kitu anapeleka kushoto. Mama yangu aliyeko Tanga akamwona kwenye simu ya picha, anajipaka uji usoni kwa mkono wa msalani, akapiga ukelele nikadhani kuna msiba. "Samaki mkunje angali mbichi!" akaniambia. "Akishakauka utamvunja."

Nikamkunja. Sikumpiga wala sikumfunga mkono kamba kama walivyofanywa watoto wengine mtaani kwetu, lakini kila kijiko kilipokwenda kushoto nilikihamisha. Kikienda tena, nahamisha tena, na jicho namkata. Akajifunza. Shuleni walimu wa hapa hawana habari na adabu zetu, kwa hiyo anaandika kwa kushoto. Nyumbani anakula kwa kulia. Na kama amejisahau peke yake jikoni, kivuli changu kikifika mlangoni tu kijiko kinahama chenyewe, hata kichwa hainui. Niliona jambo lile mara nyingi, nikajisifu kwamba huo ndio ulezi.

Basi, Jumatano moja akarudi kutoka mazoezini na fimbo imepasuka. Fimbo yenyewe ina sehemu mbili. Kuna mpini mrefu, ndani mtupu, wa kitu kisicho mbao wala chuma. Na kuna bapa, ule ubao mwembamba wa chini uliopinda kidogo, ndio unaogusa barafu na kupiga kile kisahani cheusi wanachogombania. Bapa lina ulimi unaoingia ndani ya mpini, na katikati yake kuna gundi. Bapa lake lilikuwa limechanika katikati kwa urefu, nyuzi zimetoka nje.

Na Jumamosi ile ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza. Miezi yote ile alikuwa akifanya mazoezi tu, anaokota vifaa, anapiga makofi wenzake wakicheza. Sasa ametajwa. Mwalimu wao, mama mmoja mrefu asiyecheka, ana sheria zake, na moja ni kwamba kila mtu aje na fimbo yake, hakuna kuazimana. Asiye na fimbo anakaa benchi.

Binti yangu nimezoea kilio chake, kinaanza na mlango kubamizwa. Siku ile hakulia. Aliilaza fimbo kitandani, akaifunika shuka mpaka kifuani, akakaa pembeni yake akiitazama. Nikaumia. Mchezo siupendi, lakini nani anaweza kumwona mwanawe anauguza fimbo, akaendelea kukaanga vitumbua?

Kumbe fimbo nzima si lazima, unaweza kununua bapa peke yake ukalibadilisha. Hilo aliniambia yeye mwenyewe kwa Kiingereza chake cha haraka. Kiswahili anakisikia chote, kukijibu ndiko kunamshinda. Duka liko pale pale uwanjani, na wiki nzima anatoka shule limeshafungwa. Nikamwambia lala, mama yako yupo.

Alhamisi nikaacha gauni la harusi bila mikono, nikapanda teksi hadi mjini, nikapanda nyingine hadi huko kwenye barafu. Muuzaji alikuwa kijana mwenye ndevu nzuri na kofia ya sufu, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Nikamwonyesha picha ya mpini kwenye simu. Akaridhika. Kisha akaniuliza, mtoto ni wa kushoto au wa kulia?

Nilimtazama kijana yule. Mimi, binti wa mwalimu wa madrasa, nimevuka mipaka na mtoto tumboni, nimelea katika nchi ambayo mtu anakula piza huku anatembea, sasa naulizwa hadharani kama mwanangu ana adabu au hana.

"Kulia," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaoteleza.

"Una hakika, Mama?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Hakuuliza tena. Akanifungia bapa kwenye mfuko, nikatoka nimenyoosha shingo.

Ijumaa nikataka kumshtukiza, atoke shule akute fimbo imepona. Umeme ulikuwa umekatika, ratiba ya mgawo ya mtaa wetu, kwa hiyo cherehani imelala na mashine ya kukaushia nywele imelala. Jirani alikuwa amemaliza kichwa cha mteja mmoja na sufuria lake la maji lilikuwa bado linachemka juu ya gesi. Maji yale ndiyo anayomwagia ncha za rasta ili zisifumuke. Nikamweleza shida: gundi iliyo ndani ya mpini inataka moto, ikilainika bapa linatoka.

"Hii tu?" akasema. "Mama, mimi kila siku niko natoa watu nywele za gundi, na kichwa haitoki. Leta hiyo fimbo."

Akaifunga taulo pale bapa linapoingia, akamwagia maji ya moto kwa jagi, polepole, mkono wake mmoja umeshika taulo kana kwamba kuna kisogo cha mtu mle ndani. Akangoja. Akamwagia tena. Akasema mimi nivute bapa na yeye avute mpini. Nikasema Bismillahi, yeye akasema kwa jina la Yesu, tukavuta. Bapa lilichomoka ghafla, nikaenda kukaa ndani ya beseni lake la vitana. Yeye alianguka juu ya mteja aliyekuwa anajitazama kwenye kioo. Mteja akadai apunguziwe bei, na akapunguziwa.

Kilichobaki kilikuwa rahisi. Tukakwangua gundi ya zamani kwa mkia wa kitana. Jirani akatoa vijiti vyake vya gundi ya kubandikia nywele, akaviyeyusha kwa kiberiti cha gesi, tukapaka ulimi wa bapa jipya, tukausukuma ndani upesi kabla haujapoa. Nikazungushia utepe mweusi, safi, kwa mkono wa fundi, kila duara limelala juu ya mwenzake. Nikaisimamisha fimbo ukutani. Ilipendeza, na nikatamani kila anayeingia aniulize ni nini.

Binti akafika na begi lake la shule. Akaiona. Akapiga kelele ya furaha, akaikamata, akainama katikati ya chumba kama wanavyoinama, akatelezesha bapa juu ya simenti. Mara akasimama. Akaigeuza. Akainama tena, akaigeuza tena.

"Eish, Mama," akasema, polepole mno.

"Nini?"

Akanieleza kwa Kiingereza, na kwa upole ulioniudhi kuliko angepiga kelele. Bapa hupinda upande mmoja ili lishike kile kisahani. La anayeweka mkono wa kushoto chini hupinda huku, la anayeweka wa kulia chini hupinda kule. Hili limepinda kule. Akilitumia, kisahani kitamponyoka kila akikigusa.

"Mama, ulimwambia mimi ni nini?"

Nikasema nilimwambia ukweli. Akanitazama. Jirani naye akanitazama.

"Mama," jirani akasema, "huyu mtoto ni wa kushoto. Hata miye, mtu wa kupita, najua."

"Mezani ni wa kulia!"

"Kule kuko meza?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia muuzaji kwa kuuliza, jirani kwa kujua, na watengeneza mabapa kwa kuingiza mikono ya watu katika mambo ya mbao. Nikampigia kijana mwenye ndevu. Akasema ya kushoto yamekwisha, mzigo mwingine hajui lini. Akaongeza kwamba lile langu, likishapakwa gundi, halirudishwi. Nikakata simu bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni tusi, ila sidhani kama alitambua.

Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha kusukia, fimbo mapajani. Akasema si kitu, atakaa benchi, atapiga makofi, amezoea. Hilo neno amezoea lilinichoma. Nikamwuliza hakuna dawa? Akasema wakubwa kule huwa wanapinda mabapa ya mbao wenyewe kwa moto, wanayakunja kwa mguu au kwenye mlango. Lakini wanazidisha kidogo tu ule mpindo uliopo. Kuligeuza la kulia liwe la kushoto, hajaona.

"Lete maji," jirani akaniambia.

Sitaki mdhani ilikuwa kazi ya dakika. Tulifunga taulo la maji baridi pale penye gundi, tusije tukachomoa tulichokwisha kubandika, tukalilowesha bapa kwa maji ya moto mpaka mvuke ukatujaa puani. Tukaliingiza kwenye upenyo wa mlango, binti akaegemea mpini kwa uzito wake wote, sisi wawili tukashikilia mlango. Likakubali kidogo. Tulipolitoa likarudi lilikotoka, taratibu, mbele ya macho yetu. Jirani akalikemea pepo. Tukarudia. Umeme ukarudi, nikawasha pasi yangu ya mvuke, nikaweka kitambaa kibichi juu ya bapa, nikalikandamiza mezani kama ninavyonyoosha kola ya koti lililokaidi, upande mmoja, upande wa pili. Kisha mlangoni tena, na safari hii tukaliacha mle mle mpaka limepoa kabisa, na mteja aliyetaka kutoka akapitia dirishani. Ni dirisha la chini, msinihukumu.

Katikati ya kazi ile simu ikalia, mama yangu kutoka Tanga, salamu zake za Ijumaa. Akaona mvuke, akaona mjukuu wake ananing'inia kwenye fimbo, akaona Mkongo anaimba pambio.

"Mnafanya nini nyie?"

"Tunakunja samaki, mama."

"Ee," akasema, ameridhika. "Angali mbichi?"

Nikamwambia ndiyo, nitakupigia.

Tulipolitoa lilikuwa limenyooka. Tukiliweka kwenye mwanga tuliona limechungulia kushoto kidogo, kidogo mno, halikuwa la kulia wala la kushoto hasa. Binti alilipitisha kwenye simenti, huku na huku. Akasema, sharp, yaani safi. Nilitaka zaidi ya hapo baada ya kazi yote ile, lakini alilala nayo.

Jumamosi, binti alipokwisha kuondoka na mama wa mwenzake, jirani alifunga saluni. Msusi afunge Jumamosi! Wateja walipiga simu njia nzima, naye akiwajibu kwamba yuko kwenye huduma. Mimi nilivaa koti la mume wangu, juu yake kanga, juu yake blanketi, na bado baridi ya pale ndani ilinitafuta ikanipata. Kina mama wengine walikuwa na vikombe vya kahawa na viti vyao vya kukunja. Sisi tulikuwa na chupa ya chai ya tangawizi na chapati, tukawagawia, maana kula peke yako mbele za watu hakuna dini inayoruhusu.

Mwalimu asiyecheka alikagua fimbo, watoto wakiwa wametupa mgongo. Ya binti yangu aliigeuza mara mbili, akainua bapa usawa wa jicho.

"Hili ni la mkono gani?"

"La kwangu," binti akajibu.

Akaingia. Alikuwa mdogo kuliko wote, ushungi mweusi chini ya helmeti, anateleza kana kwamba hakuna anachokanyaga. Nilisahau baridi. Sikujua kwamba mtoto niliyemfundisha kutembea anaweza kwenda vile. Jirani akanishika mkono akasema tazama, tazama. Mkono wake wa kushoto uko chini kwenye fimbo, wa kulia juu, na kile kisahani kinamfuata.

Kisha akainua uso kuelekea kwetu akaniona.

Hakuwa amejua nitakuja. Nilikuwa nimemwambia nitajaribu, naye anajua kujaribu kwangu Jumamosi maana yake nini. Aliniona, na papo hapo mikono ikahama. Wa chini ukaenda juu, wa juu ukashuka chini. Hakuitazama, hakufikiri. Nililijua tendo lile. Nimeliona mezani kwangu miaka yote, kijiko kikihama kwa kivuli changu.

Akaanza kucheza vibaya. Kisahani kikampita, akakifuata, kikampita tena. Msichana mkubwa akamnyang'anya akamwacha amepiga magoti. Mama mmoja nyuma yetu akasema maskini kadogo kale. Mwalimu akatazama benchi, anatafuta wa kumbadilisha, na mimi nilikuwa najua peke yangu, katika watu wote wale, mtoto yule ana nini.

Nikasimama. Blanketi likaanguka, kanga ikaanguka. Kioo kinachozunguka uwanja nilikipiga kwa kiganja.

"Kushoto!" nikapiga kelele. "Mwanangu! Tumia kushoto!"

Akageuka. Uwanja mzima uligeuka, lakini mimi nilimtazama yeye.

"Kushoto, nimesema! Kushoto!"

Nilimwona akibaki mdomo wazi chini ya ile helmeti. Kisha mikono ikarudi mahali pake.

Hakufunga bao, mambo hayo ni ya kwenye sinema. Alimnyang'anya yule msichana mkubwa kisahani, akakimbia nacho upande wake wa kushoto, akapiga, kikagonga mwamba wa goli kwa mlio ambao bado nausikia. Walifungwa. Mwalimu hakumtoa mpaka mwisho.

"Sasa mama yako Tanga tutamwambia nini?" jirani akaniuliza, huku ananirudishia kanga.

Nikamwambia asiniharibie siku.

Binti alitoka kwenye barafu amelowa jasho, mvuke unamtoka kichwani. Watoto wengine walikuwa wanakimbilia kwa mama zao. Yeye alikuja taratibu, anatembea juu ya vile visu, akasimama mbele yangu mbele ya watu wote, akaninyooshea fimbo kwa mkono wa kushoto.

"Shika, Mama," akasema, kwa Kiswahili.

Nikashika.